Soko la Mgandini na mwalo wa Deep Sea: mapitio kwa anayelisha watu sita kwa pesa ya mawazo

Kwa kaya ya watu sita hapa Tanga mjini, wazazi wawili na watoto wanne, hukumu yetu ni hii. Nafaka, kunde, karanga, vitunguu na nazi nunua Mgandini mara moja kwa juma. Samaki nunua Deep Sea alfajiri, lakini kwa kufuata mwezi. Majani ya mboga nunua genge lililo karibu na mlango wako. Kwa mpangilio huo familia inakula vizuri hata kama nyama ya ng'ombe haikuingia jikoni juma zima. Ukinunua kila kitu jioni, kwa robo na kwa fungu, pesa ileile inaisha Alhamisi.

Bei za shilingi zilizomo humu ni za kufanyia hesabu tu, maana zinapanda na kushuka kila msimu. Weka za siku yako. Vipimo vya kilo na gramu ndivyo vya kushika.

Mgandini: kunde kwanza, mengine yafuate

Ubora wa Mgandini ni kwamba mazao ya mkoa mzima yanakutania hapo. Kabichi, karoti, hoho na viazi mviringo vinashuka kutoka Lushoto. Machungwa, mafenesi na viungo vinatoka Muheza na Amani, mahindi Handeni na Kilindi, nazi Pangani na Mkinga. Wauzaji wa bidhaa moja wamepangana, kwa hiyo unaweza kulinganisha bei tatu au nne ndani ya hatua ishirini. Genge la mtaani haliwezi kukupa hilo.

Nenda kwenye jamii ya kunde (maharage, choroko, mbaazi na kunde zenyewe) kabla hujagusa kitu kingine, kwa sababu hapo ndipo bajeti inapopona. Hesabu ya kujua chakula kipi cha kujenga mwili ni nafuu ni rahisi: chukua bei ya kilo, igawe kwa gramu za protini zilizomo, kisha zidisha kwa kumi. Kilo ya maharage makavu ina protini gramu 220 hivi; kunde na choroko hufika 230 hadi 240. Tuseme maharage ni shilingi 3,000 kwa kilo: kila gramu kumi za protini zinakugharimu shilingi 136. Dagaa waliokauka sawasawa wana kama gramu 600 kwa kilo. Wakiuzwa 12,000, gramu kumi ni shilingi 200. Kilo ya vibua wabichi, ukishatoa kichwa, matumbo na miiba, inabakisha nusu kilo ya mnofu yenye protini gramu 100 hivi. Kwa 6,000, gramu kumi ni shilingi 600. Nyama ya ng'ombe iliyochanganywa na mfupa ina kama gramu 150 kwa kilo. Kwa 12,000, gramu kumi ni shilingi 800. Bei zikipanda au kushuka, mpangilio huu haubadiliki kirahisi. Ndiyo maana mama anayenunua robo ya nyama kila siku ili watoto "wapate nguvu" anaumia bure, na watoto wanapata mchuzi.

Hesabu hiyo inaacha gharama moja nje, nayo ni mkaa. Maharage yasiyolowekwa yanaweza kukaa jikoni saa mbili au zaidi. Choroko zinaiva ndani ya dakika arobaini hivi hata bila kulowekwa, na kunde ziko katikati. Kwa hiyo choroko zikiwa ghali kidogo kuliko maharage, bado zinaweza kuwa nafuu zikifika kwenye sahani. Mbaazi kavu ni tamu kwa nazi kuliko zote, lakini zinataka moto, na tunazishauri kwa siku moja tu ya juma.

Kabla ya kununua maharage tia mkono katikati ya gunia, usiridhike na yale ya juu. Yale yaliyofifia rangi, yenye ngozi iliyokunjamana, ni ya zamani. Yatakunywa mkaa na yasiive. Tobo ndogo za mviringo ni kazi ya fukusi, na unalipia punje ambayo ndani ni unga mtupu. Ukiwa na shaka, nunua nusu kilo tu, loweka konzi moja usiku, hesabu asubuhi. Ambazo hazikuvimba ni sugu, na zikiwa nyingi usirudi kwa muuzaji huyo.

Upishi nao una kanuni zake. Loweka kwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili, mwaga maji ya kulowekea, weka maji mapya, acha yachemke kwa nguvu dakika kumi za mwanzo. Dakika hizo kumi si za hiari: maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayovuruga tumbo, na moto mdogo usiochemsha hauiui. Nyanya na ndimu zitie baada ya maharage kulainika, kwa kuwa ukali wake hukaza ngozi. Magadi hulainisha haraka lakini huharibu sehemu ya vitamini B, yaache. Baada ya kuchemka dakika ishirini unaweza kuiweka sufuria ikiwa imefunikwa barabara ndani ya kapu kubwa la ukindu lililojazwa mablanketi machakavu, ukalifunika vizuri juu. Joto lililomo linamalizia kazi kwa saa tatu au nne, na jiko linabaki na mkaa wa kupikia ugali. Maharage yakitoka kapuni yachemshe tena kabla ya kuunga.

Gramu 400 za maharage makavu zinatosha mlo mmoja wa watu sita, kwa kuwa kilo moja kavu hutoa kilo mbili na robo hadi mbili na nusu yakiiva. Wengine huchemsha kilo nzima ili watumie siku mbili, na wazo lenyewe ni zuri, ila hapa Tanga joto na unyevu haviwapi muda. Bila friji, maharage yaliyoiva yakikaa saa nne au tano kwenye sufuria vuguvugu yanaanza kuchacha. Anayetaka kupikia siku mbili atenge nusu kabla ya kutia kitunguu na nazi, aichemshe tena jioni, aifunike bila kuichokoa na mwiko, aichemshe tena asubuhi, na aimalize mchana. Tui likishaingia, chakula hicho ni cha siku hiyohiyo.

Kuhusu vipimo. Katika masoko yetu kopo na kisado bado vinatawala, na kopo lililobonyea chini au lililojazwa bila kusukwa linakula gramu zako kila juma. Omba mizani. Mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo hubandikwa stika. Nyumbani, mizani ndogo ya jikoni inayonunuliwa na majirani wanne kwa kuchanga hurudisha pesa yake, kwa sababu mtajua kopo la nani linatimia.

Unga, karanga na hatari isiyoonekana

Kwa ugali tunapendekeza dona bila kusita. Mahindi kilo kumi yakikobolewa hutoa sembe kilo saba au nane. Zilizobaki ni pumba na kiini, yaani sehemu yenye vitamini B, mafuta na nyuzinyuzi, na wewe umeilipia. Tatizo la dona ni kwamba mafuta ya kiini huchacha, na unyevu wa pwani huharakisha. Saga ya juma moja au mawili, usisage debe zima. Dona lenye harufu ya mafuta ya zamani na uchungu ulimini limeshaharibika. Kama watoto wamelikataa kabisa, chagua sembe ya pakiti iliyoongezewa virutubishi, ambayo hurudishiwa madini ya chuma, zinki na asidi ya foliki. Sembe ya kukoboa ya mashineni haina nyongeza hiyo.

Hapa kuna jambo ambalo bei nafuu inaweza kulificha. Karanga na mahindi yaliyovunwa au kuhifadhiwa na unyevu huota kuvu anayetoa sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hii iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Moto wa jikoni hauiondoi, wala kukaanga hakuiondoi. Kinachosaidia ni kuchambua. Zile karanga za bei ya kutupa, zilizosinyaa, zenye madoa meusi au ya kijani, zilizopasuka au zenye ladha chungu, ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya sumu. Kwa sababu hiyo usinunue karanga zilizokwisha kusagwa. Huwezi kuchambua unga. Nunua nzima, zimwage kwenye ungo, chambua moja moja, kaanga kidogo, kisha twanga. Vivyo hivyo kwa mahindi kabla ya kupeleka mashineni.

Sababu hiyohiyo inatufanya tusiupendekeze unga wa lishe uliokwisha kuchanganywa nafaka sita au saba na kufungwa kwenye mfuko usio na jina. Huoni hali ya kilichosagwa. Tena soya iliyotiwa mbichi, bila kuchemshwa au kukaangwa vizuri, huzuia mwili kumeng'enya protini, kwa hiyo mtoto anakula akiba ambayo tumbo lake haliwezi kuifungua. Uji wa dona peke yake na karanga unatosha: gramu 350 za unga kwa lita tatu na nusu za maji, na vijiko vinne vya chakula vya karanga iliyotwangwa, kwa watu sita. Wa mtoto mwenye miezi sita hadi miaka miwili utenge, uwe mzito kiasi cha kutomiminika kutoka kijikoni, na umtilie kijiko chake cha karanga iliyolainishwa kabisa. Tumbo lake ni dogo. Uji mwepesi unamjaza maji.

Nazi: chagua nzito, itikise usikie maji mengi, angalia macho yake yawe makavu. Nazi moja inatosha sufuria ya watu sita endapo utaitumia kwa zamu. Kamua tui zito la kwanza uliweke pembeni, kamua la pili na la tatu, pikia kunde au kisamvu kwa tui jepesi, malizia na zito dakika za mwisho bila kulifunika. Wanaotia yote kwa pamoja mwanzoni hukatikiwa na tui, kisha wanaongeza nazi ya pili kufidia.

Mafuta ya kupikia yanayouzwa kwa kupimwa kutoka kwenye ndoo au chupa angavu iliyokaa juani tunayakataa. Mwanga huharibu vitamini A iliyoongezwa, na mafuta yenyewe huchacha. Lita moja iliyofungwa inatoa vijiko vya chakula zaidi ya sitini; kwa juma hiyo ni kama vijiko tisa kwa siku kwa familia nzima. Pima kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye chupa.

Deep Sea: kalenda ya mwezi ni sehemu ya bei

Mwalo wa Deep Sea una sifa mbili tu tunazozijali: samaki ni wa usiku uleule, na mnunuzi wa mwisho anaweza kusimama mahali pamoja na mchuuzi. Lakini mtu akienda siku isiyofaa atarudi akisema kuna bei ya watalii.

Dagaa na vibua huvuliwa kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri, na kanuni ni ileile: samaki hukusanyika kwenye mwanga pale bahari inapokuwa giza. Mwezi ukiwa mpevu bahari yote inang'aa, taa haivuti, na vyombo vingi vinapumzika. Kwa hiyo siku za kati za mwezi wa Kiislamu, tuseme kuanzia tarehe 11 hadi 17, dagaa na vibua wanaadimika na bei inapanda. Mwisho wa mwezi na siku za mwanzo wake ndizo siku za kununua. Panga milo yako hivyo: nusu ya giza kula samaki wabichi, nusu ya mbalamwezi kula dagaa wakavu uliowaweka na kunde zaidi.

Juu ya mwezi kuna pepo. Kusi huanza Aprili hivi na huwa kali Juni hadi Agosti. Bahari ikichafuka vyombo vidogo havitoki. Miezi hiyo usijilazimishe samaki. Kaskazi na nyakati za maleleji, bahari ikitulia, ndipo kapu linajaa.

Kati ya samaki, chagua vibua na simu, wale samaki wadogo wa jamii ya dagaa. Nguru, kolekole na changu wakubwa ni wazuri, ila unalipia jina. Vibua wana mafuta mazuri kwa mwili kuliko wengi wa hao wa bei ya juu, na simu wadogo ukiwakaanga wakakauka wanaliwa na miiba yake, kwa hiyo mtoto anapata madini ya mifupa. Tasi wanafaa wakiwa wengi, lakini wana miiba mikali ya mgongoni inayouma vibaya. Mwachie muuzaji awakate.

Sasa ubichi. Jicho liwe limetuna na angavu, matamvua yawe mekundu, mnofu ukibonyezwa urudi, na harufu iwe ya bahari. Kwa vibua na jodari kuna hatari ya pekee. Wakikaa kwenye joto bila barafu hutengeneza sumu inayosababisha uso kuwa mwekundu, kuwashwa, kichwa kuuma na moyo kwenda mbio muda mfupi baada ya kula. Sumu hiyo haiondoki kwa kukaangwa wala kwa ndimu na pilipili. Kibua aliyeshinda kwenye ungo juani mpaka saa nane mchana si nafuu hata akiuzwa nusu bei. Ukinunua vingi, barafu iwe kilo kwa kilo ya samaki.

Tazama pia samaki wa baruti, maana pwani ya mkoa huu imeumizwa sana na uvuvi huo. Ukimpasua unakuta uti wa mgongo umevunjika na damu imevilia ndani ya mnofu uliolegea. Anaharibika haraka, na kumnunua ni kulipia kuharibiwa kwa miamba ambayo watoto haohao wangevua kesho. Muulize anayepara samaki. Yeye huyaona matumbo ya wote.

Njia ya kupata bei ya mchuuzi ni kuchanga. Majirani wanne wakinunua ndoo moja ya vibua siku za giza na kugawana kwa mizani, kila nyumba inapata kilo kadhaa. Cha siku hiyo kipikwe mchuzi. Cha kesho kikaangwe kikauke vizuri. Kinachobaki kifanywe ng'onda: mpasue samaki mgongoni, mwoshe damu yote, mpake chumvi robo kilo kwa kila kilo, mwache alale na chumvi usiku mmoja kwenye chombo kilichofunikwa, kisha mwanike juu ya chanja chini ya wavu wa kuzuia nzi, umwingize ndani jioni umande usimlowanishe. Akikauka nusunusu ataoza katikati. Kipimo ni mnofu mnene wa mgongoni usiobonyea kidoleni. Kabla ya kupika mloweke na umwage maji mara mbili, na mwenye presha asipewe mara kwa mara.

Dagaa wakavu tunawanunua kwa macho. Wanaong'aa fedha na kuvunjika kwa sauti ni wazuri. Walioiva rangi ya njano na kunuka mafuta ya zamani wameshachacha. Ulizia walioanikwa juu ya chanja, kwani wa kuanikwa chini huja na mchanga, na unaulipia kwa bei ya dagaa. Kuwaosha, wamwagie maji ya moto, wakoroge kwa haraka, kisha watoe kwa kuwainua kwa mkono. Ukimimina bakuli zima unaurudisha mchanga uleule. Gramu 150 kavu zinatosha watu sita. Vichwa, kama si vichungu mno, usivitoe. Madini ya kalsiamu yamo humo pia.

Majani na matunda

Hapa genge la mtaani linaishinda Mgandini. Majani hayasubiri. Mchicha ulionunuliwa Jumamosi kwa ajili ya Jumatano ni pesa ya kutupa, hivyo nunua kila siku, asubuhi. Fungu la jioni ni nafuu lakini limeshasinyaa na vitamini C yake imepungua. Osha kabla ya kukata, usikate ukaloweka. Pika dakika chache, na lazima kuwe na mafuta kidogo, tui au karanga, kwa kuwa vitamini A ya majani haifyonzwi vizuri bila mafuta. Matembele, majani ya maboga na majani ya kunde ni bora kuliko kabichi kwa lishe, ingawa kabichi ina heshima zaidi kwenye sahani za wageni. Kabichi ya Lushoto iweke kwa siku mbili za mwisho wa juma, kwa sababu inakaa.

Kisamvu kinastahili neno lake. Kina protini nyingi kwa mboga ya majani, karibu gramu saba kwa gramu mia, na hapa Tanga ni cha bei ndogo. Lakini majani ya muhogo yana sumu ya sianidi. Yatwangwe mpaka yalainike, yachemshwe kwa maji mengi bila kufunikwa walau nusu saa, ndipo tui liingie. Wanaofunika ili kuokoa mkaa wanaizuia sumu isitoke na mvuke.

Wakati wa masika nyanya huoza shambani na bei hupaa. Badilisha kwa ndimu, ukwaju au embe bichi, na sufuria haitalia. Matunda fuata msimu: machungwa ya Muheza yakijaa, chungwa moja baada ya maharage husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo. Chai ya rangi inafanya kinyume. Isogeze saa moja mbele au nyuma ya mlo, hasa kwa mjamzito na watoto. Maziwa, pale yanapopatikana, yaende kwa wadogo kwanza, na ya kupima lazima yachemke.

Kapu la juma zima

Kwa watu sita, hiki ndicho tunachokiita kapu linalotosha: dona kilo 8, mchele kilo 4, unga wa ngano kilo 2, muhogo mbichi kilo 4, kunde za aina mbili au tatu jumla kilo 3, mahindi ya pure (makande) nusu kilo, karanga kilo 1, dagaa gramu 300, vibua kilo 2 na nusu kwa siku mbili tofauti, mayai 8, nazi 5, mafuta lita 1, sukari isiyozidi kilo 1, vitunguu kilo 1 na nusu, nyanya kilo 2, chumvi yenye madini joto, na pesa ya majani na matunda iliyotengwa kando kwa kila siku.

Milo kumi na minne ya mchana na usiku inagawanyika hivi: saba ya kunde, miwili ya dagaa, miwili ya samaki, mmoja wa mayai, na miwili ya majani yaliyoungwa kwa karanga. Ugali unashika milo sita kwa gramu 900 za dona kila mmoja. Mchele mitano kwa gramu 750. Mitatu iliyobaki ni pure ya mahindi na maharage, muhogo wa nazi na chapati kwa choroko. Pure tunaisifu kwa dhati: mahindi yana upungufu wa aina ya protini ambayo maharage yanayo kwa wingi, na sufuria moja inamaliza kazi bila mboga ya pili. Mseto wa mchele na choroko unafanya kazi hiyohiyo kwa mkaa mchache zaidi. Usiweke milo miwili ya dagaa siku zinazofuatana. Watoto wataichoka kabla ya juma la pili.

Akibahatika mtu na pesa ya ziada, tungeitia kwenye robo kilo ya maini mara moja kila majuma mawili, kabla ya soda, kabla ya soseji. Maini yana chuma na vitamini A nyingi mno. Mjamzito, hasa wa miezi ya mwanzo, hatungempa mara kwa mara.

Anayelipwa kwa siku

Lawama kubwa dhidi ya kununua kwa juma ni kwamba kibarua hana pesa ya juma, na lawama hiyo ni ya kweli. Njia yake ni kugeuza: kila siku anunue kitu kikavu kimoja tu kwa kiasi cha kukaa, na kilichobaki kiende kwenye majani na chakula cha siku hiyo. Jumatatu kilo mbili za kunde, Jumanne mchele, Jumatano mafuta lita nzima, Alhamisi unga, Ijumaa karanga na vitunguu. Juma la kwanza litabana, na jioni mbili au tatu zitakuwa za ugali na matembele. Juma la pili ghala limeshaanza, na robo ya sukari na kipimo kidogo cha mafuta cha dukani vinakoma.

Kwa wa Pongwe, Maweni au Mabokweni, pembezoni mwa mji, Mgandini inafaa kwa sharti moja. Andika tofauti ya bei ya mtaani kwako na ya Mgandini kwa kila kitu kilicho kwenye kapu, jumlisha, kisha toa nauli ya kwenda na kurudi pamoja na ya mzigo. Kwa kapu la juma zima hesabu mara nyingi inakubali; kwa kilo mbili za mchele inakataa. Mmoja akitumwa na nyumba tatu, mwenye mizani na orodha, nauli inagawanyika kwa tatu na wengine wanabaki kulea.